Mashimo 32 Uani

Mtoto wa Mwanakwerekwe, Unguja, hahitaji kununuliwa ubao ili ajifunze bao. Mchanga wa uani unatosha: safu nne za mashimo manane manane, kete 64, ambazo ni komwe, yaani mbegu za mkomwe, au vijiwe badala yake, na mkubwa mmoja, tuseme babu, wa kukaa upande wa pili.

Hatua ya mwanzo ina jina lake, bao la kujifunza. Kila shimo hutiwa kete mbili. Hakuna nyumba, yaani shimo maalumu la kuwekea kete nyingi, wala kete za mkononi. Mtoto anachota, anadondosha moja moja bila ya kuruka shimo. Komwe ni ngumu na inateleza kama gololi, na vidole vidogo hudondosha mbili kwa pamoja. Babu humrejesha, aanze tena. Anayehesabu kwa kidole bado ni mwanafunzi. Siku atakapojua kwa macho kete ya mwisho itaangukia wapi, hupandishwa bao la Kiswahili: kila mchezaji ana kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa nyumbani, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Zikimalizika hizo, ndipo unapoanza mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu.

Mchezo huu ni wa siku nyingi pwani yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliutungia shairi. Huku Unguja, Rais Abeid Amani Karume alikuwa akicheza bao Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), alipopigwa risasi na kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Miaka 23 baadaye, Mholanzi Alex de Voogt alitoa kitabu kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, akichunguza jinsi akili zao zinavyobeba hesabu ndefu kiasi hicho.

Kitabu hicho ni heshima kubwa, lakini fundi huanzia mbali na macho ya watafiti. Huanzia uani, na hapo ndipo penye thamani zaidi, kwa sababu baraza za bao zimezoeleka kuwa za wanaume. Uani binti hukaa mbele ya babu yake na kumla kete bila ya kuombwa apishe.

Mkomwe ungali unaota pwani, na mchanga haujaisha. Mzazi, leo baada ya alasiri chimba mashimo 32, umwite mwanao, na binti umwite kwanza.