Hugh Carleton Greene

Hugh Carleton Greene (15 Novemba 1910 – 19 Februari 1987) alikuwa mwandishi wa habari na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) kuanzia 1960 hadi 1969. Alizaliwa Berkhamsted, ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Kaka yake alikuwa mwandishi wa riwaya Graham Greene.

Baada ya masomo Oxford alikwenda Ujerumani, na tangu 1934 alikuwa Berlin akiliandikia gazeti la Daily Telegraph. Kazi yake yote ya baadaye haieleweki vizuri bila miaka hiyo. Alishuhudia Wanazi wakiyanyamazisha magazeti na redio, wakifunga hata kumbi za usiku ambamo wachekeshaji waliwakejeli wakubwa. Mei 1939 alifukuzwa nchini.

Alijiunga na BBC mwaka 1940, akaongoza matangazo ya Kijerumani wakati wa vita. Alishikilia kwamba habari za Uingereza kushindwa zisifichwe, ili Wajerumani waliosikiliza kwa siri waziamini pia habari za ushindi zitakapofika. Vita vilipokwisha alisimamia kujengwa kwa NWDR mjini Hamburg, redio ya umma isiyo mali ya serikali wala chama.

Alipoushika ukurugenzi mkuu, televisheni ya kibiashara, iliyoanza 1955, ilikuwa imeinyang'anya BBC watazamaji wengi. Greene hakuiga mshindani. Aliwapa watayarishaji vijana uhuru ambao hawakuwahi kuwa nao. Novemba 1962 kilianza That Was The Week That Was, kipindi cha kila Jumamosi usiku kilichowadhihaki mawaziri, maaskofu na BBC yenyewe. Greene alisema wazi kwamba wazo lake lilitoka katika kumbi zile za Berlin. Hata hivyo alikiondoa hewani mwishoni mwa 1963, kwa hoja kwamba mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Mwaka 1966 ilioneshwa Cathy Come Home, tamthilia ya Ken Loach kuhusu familia changa inayokosa makazi hadi wazazi wananyang'anywa watoto. Iliwatikisa Waingereza, na suala la makazi likajadiliwa hadi bungeni.

Katika hotuba aliyoitoa Rome mwaka 1965 alisema BBC haiwezi kusimama katikati baina ya uvumilivu na ubaguzi wa rangi. Msimamo huo ni wa kuheshimiwa, lakini haukufuatwa hadi mwisho: wakati wake wote BBC iliendelea kuonesha The Black and White Minstrel Show, ambamo Wazungu walijipaka weusi usoni na kuimba. Ujasiri wake ulikoma pia mbele ya The War Game, filamu ya Peter Watkins kuhusu shambulio la nyuklia. Ilizuiwa mwaka 1965, ikaja kuoneshwa na BBC mwaka 1985.

Mpinzani wake mkubwa hadharani alikuwa Mary Whitehouse, mwalimu aliyeona vipindi vya BBC vinaharibu maadili. Greene alikataa hata kukutana naye, na kwa mtu aliyetetea mjadala huru, hilo lilikuwa kosa. Pigo zito zaidi lilitoka serikalini. Mwaka 1967 Waziri Mkuu Harold Wilson alimteua Charles Hill, aliyekuwa msimamizi wa televisheni ya kibiashara, kuwa mwenyekiti wa BBC. Greene aliondoka Machi 1969, akaingia katika Bodi ya Magavana ya BBC, na kujiuzulu mwaka 1971.