Historia ya Tiba ya Mionzi na Taratibu Anazokutana Nazo Mgonjwa

Tiba ya mionzi ni matibabu ya saratani yanayotumia mionzi mikali kupenya mwilini na kuharibu seli za uvimbe mpaka zishindwe kugawanyika. Katika Afrika Mashariki wagonjwa wengi huiita kupigwa au kuchomwa mionzi, na jina hilo lina ukweli wa kihistoria, kwa sababu katika miaka yake ya mwanzo tiba hii iliunguza kwelikweli. Mgonjwa wa leo huchorwa alama ngozini, hulazwa bila kutikisika, huachwa peke yake chumbani kwa dakika chache, kisha huitwa tena kesho na keshokutwa kwa muda wa wiki kadhaa. Taratibu hizo huwashangaza wengi wanaofika hospitalini kwa mara ya kwanza. Kila moja ina asili yake, na nyingi zilipatikana baada ya makosa yaliyowagharimu watu ngozi, vidole na uhai.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa na kufunikwa kwa karatasi nyeusi, akaona kibao kilichopakwa kemikali kikimeremeta gizani kando ya bomba hilo. Kwa kuwa hakuijua asili ya mionzi hiyo, aliipa herufi X, ambayo katika hisabati husimama mahali pa kitu kisichojulikana. Desemba mwaka huohuo alipiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete ya ndoa vikaonekana. Habari zilienea duniani ndani ya wiki chache, na mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Matabibu hawakukawia kuijaribu kwa wagonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1896 daktari Leopold Freund wa Vienna alimpiga mionzi mtoto wa kike aliyezaliwa na baka kubwa lenye nywele mgongoni. Nywele zilidondoka kama alivyotarajia, lakini kidonda kikafuata. Mwaka 1899, huko Stockholm, Tor Stenbeck na Tage Sjögren waliponya saratani za ngozi kwa eksirei. Wakati huo Paris ilikuwa imeleta chanzo kingine cha mionzi: Henri Becquerel aligundua mwaka 1896 kwamba urani hutoa mionzi yenyewe, na mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza elementi mpya waliyoiita radiamu. Becquerel alipobeba kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake, ngozi iliyokuwa chini ya mfuko iliungua. Pierre Curie alijiunguza mkono kwa makusudi ili aone kidonda kinavyotokea na kupona. Hoja ikawa wazi: kinachoua ngozi nzima kinaweza pia kuua uvimbe.

Kipimo cha kuaminika hakikuwapo. Matabibu walikadiria nguvu ya mionzi kwa kutazama ngozi inavyobadilika rangi kuwa nyekundu, na wengine walipima mabomba yao kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele ya mionzi kila asubuhi. Madhara yake yalijitokeza polepole: kucha zilikatika, vidonda havikufunga, saratani zikaota mikononi. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison nchini Marekani, alikatwa mikono na akafariki mwaka 1904. Marie Curie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa upungufu wa damu uliotokana na uboho kushindwa kazi, na mionzi aliyoishi nayo miaka mingi inahesabiwa kuwa chanzo. Mwaka 1936 mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa Hamburg, kwenye hospitali ya St. Georg, ukiwa na majina zaidi ya 150 ya madaktari, wanasayansi, wauguzi na mafundi waliopoteza maisha kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu leo mtaalamu hutoka chumbani na kumtazama mgonjwa kupitia kamera kabla ya kuwasha mashine. Mgonjwa anapewa dozi yake kwa wiki chache kwa ajili ya tiba. Mtaalamu, ambaye hufanya kazi hiyo kila siku kwa miaka, angepata dozi isiyo na faida yoyote kwake.

Radiamu ilikuwa na sifa ambayo eksirei za zamani hazikuwa nayo: iliweza kuwekwa ndani ya sindano au vibomba vidogo na kuingizwa palepale kwenye uvimbe. Tiba hiyo ya ndani ilifaa hasa kwa saratani ya shingo ya kizazi, na miji ya Paris, Stockholm na Manchester ikawa kila mmoja na mtindo wake wa kuiweka. Shida ilikuwa upatikanaji. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 ili kumnunulia Marie Curie gramu 1 tu, na Rais Warren Harding ndiye aliyemkabidhi zawadi hiyo Washington.

Bei hiyo ilishushwa na mgodi wa Kongo. Mwaka 1915 mawe ya urani yenye utajiri wa kipekee yalipatikana Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, eneo ambalo Kiswahili kilikuwa kikienea kuwa lugha ya migodini. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, ikayasafirisha hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ya kwanza ilitoka mwaka 1922. Bei ya dunia ikashuka hadi takriban dola 70,000 kwa gramu, na kwa karibu miaka 10 Ubelgiji ikalitawala soko hilo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sindano zilizotibu saratani katika hospitali za Ulaya wakati huo zilijazwa madini yaliyochimbwa kwa mikono ya Wakongo, ambao nchi yao haikupata tiba hiyo. Jambo hili lastahili kutajwa kila historia ya radiamu inapoandikwa.

Swali kubwa la miaka ya 1920 lilikuwa namna ya kutoa dozi. Wataalamu wengi, hasa wa Ujerumani, walishika rai ya kumpiga mgonjwa dozi kubwa mara moja. Jijini Paris, katika Taasisi ya Radiamu, Claudius Regaud aliona kinyume chake kwa kutumia kondoo dume. Alipojaribu kuhasi mnyama kwa dozi moja kubwa kwenye korodani, ngozi ya juu yake iliharibika vibaya. Alipoigawa dozi hiyo kwa siku kadhaa, kondoo alihasika na ngozi ikasalimika. Seli za korodani hugawanyika upesi kama zinavyofanya seli za saratani, na Regaud akahitimisha kwamba uvimbe pia ungeweza kuuawa kidogo kidogo huku nyama nzima ikipata nafasi ya kujitengeneza. Mwenzake Henri Coutard aliifuata njia hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo. Tangu mwaka 1922 alionyesha kwamba uvimbe uliokwisha kukomaa kwenye zoloto unaweza kupona bila mgonjwa kuharibiwa shingo. Hapa ndipo ilipoanzia desturi ya kumwita mgonjwa siku nyingi mfululizo. Haba na haba hujaza kibaba, na katika tiba hii mara nyingi kibaba hujazwa kwa siku 25, 30 au 35.

Kugawa dozi hakukumaliza tatizo la kina. Eksirei za wakati huo ziliacha nguvu yao kubwa juu ya ngozi, hivyo uvimbe wa ndani ya nyonga au kifua ulifikiwa kwa gharama ya kuunguza njia nzima. Ufumbuzi ulitoka Kanada mwaka 1951, pale kobalti-60 iliyotengenezwa katika tanuri la nyuklia la Chalk River ilipowekwa ndani ya mashine za tiba katika miji ya Saskatoon na London, Ontario. Mionzi ya kobalti hufikia nguvu yake ya juu karibu nusu sentimita chini ya ngozi, kwa hiyo ngozi husalimika zaidi na uvimbe wa ndani hupata dozi ya kutosha. Mashine hiyo ilikuwa imara, rahisi kuendesha na isiyohitaji umeme mwingi, na kwa sababu hiyo ilisambaa duniani kuliko nyingine yoyote ya wakati huo.

Karibu wakati huohuo ilizaliwa LINAC, mashine inayokimbiza elektroni kwa kasi kubwa na kuzigonganisha na chuma ili zitoe eksirei kali. Hospitali ya Hammersmith jijini London ilianza kutibu kwa mashine ya aina hiyo mwaka 1953. Mwaka 1956 Henry Kaplan wa Stanford, Marekani, aliitumia kumtibu mtoto wa miaka 2 aliyekuwa na saratani ya jicho, akaokoa uwezo wake wa kuona. LINAC haina chanzo cha mionzi ndani yake: umeme ukizimwa, mionzi hukoma. Kuanzia miaka ya 1970 picha za CT, zilizoanzishwa na Godfrey Hounsfield nchini Uingereza, ziliwawezesha madaktari kuuona uvimbe kwa vipande na kuupangia mionzi kutoka pande kadhaa. Usahihi huo ndio uliozaa siku ya maandalizi, ambapo mgonjwa hupigwa picha akiwa katika mlalo atakaotibiwa nao, huchorwa alama ndogo za wino, na akiwa na saratani ya kichwa au shingo hutengenezewa barakoa ya plastiki inayomshika asigeuke. Mionzi inayolenga kwa milimita inamtaka mgonjwa atulie kwa milimita.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii enzi za kobalti. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ilianza tiba ya mionzi mwaka 1968. Dar es Salaam kazi hiyo ilikwenda kwenye jengo lililojengwa na Wajerumani kati ya 1895 na 1897 kama hospitali ya serikali ya koloni, likitazama Bahari ya Hindi. Kwa hiyo jengo hilo lilianza kuinuliwa mwaka uleule Röntgen alipoona kibao chake kikimeremeta. Mwaka 1996 likawa makao ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kama taasisi inayojitegemea, na mwaka 2018 taasisi hiyo ilianza kutibu kwa mashine za LINAC. Huduma imefika pia Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, hatua iliyowapunguzia watu wa Kanda ya Ziwa safari ndefu ya kwenda pwani.

Kobalti ina udhaifu wake. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi, hivyo dozi iliyochukua dakika 2 hufika dakika 4 chanzo kisipobadilishwa, na foleni hurefuka. Uganda ililionja tatizo la kutegemea mashine moja pale mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, iliyopatikana mwaka 1995, ilipoharibika kabisa Aprili 2016. Nchi nzima ilibaki bila tiba ya mionzi hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018, na baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Tukio hilo lilifundisha kwamba mashine ya akiba katika tiba hii ni sehemu ya tiba yenyewe.

Utaratibu wa sasa unabeba mafunzo hayo yote. Kwa kawaida mgonjwa hutibiwa siku 5 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 3 hadi 7 kulingana na aina ya saratani. Anayetulizwa maumivu ya mifupa huweza kupewa dozi 1 tu. Kila mara hukaa kitandani dakika 10 hadi 20, nyingi zikiwa za kumpanga vizuri, na mionzi yenyewe haiumi wala haionekani. Madhara huanza kujitokeza kwa kawaida baada ya wiki 2 au 3: uchovu, ngozi kuwa nyeusi au kuwasha mahali palipopigwa, vidonda vya kinywa kwa anayetibiwa shingo, kuharisha kwa anayetibiwa nyonga. Nywele hudondoka pale tu mionzi inapopita. Mengi hupungua wiki chache baada ya tiba kwisha, ingawa baadhi huchelewa kujitokeza, ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kurudi kliniki.

Hofu moja imerithiwa kutoka enzi za radiamu, nayo ni kwamba aliyepigwa mionzi huwaambukiza wengine. Mgonjwa aliyelazwa na sindano za radiamu mwilini alitoa mionzi kweli, na wageni wake waliwekewa mipaka. Anayetibiwa kwa mashine ya nje, iwe ya kobalti au LINAC, haondoki na mionzi yoyote. Anaweza kula na familia yake, kulala na mwenzi wake na kumpakata mtoto siku hiyohiyo. Hata katika tiba ya ndani ya shingo ya kizazi inayofanywa sasa kwa mashine, chanzo huingizwa kwa dakika chache na kutolewa kabla mgonjwa hajatoka chumbani.

Jambo linalovunja tiba kuliko mengine ni kukatisha ratiba. Nauli huisha, uchovu huzidi, au uvimbe hupungua na mgonjwa akadhani amekwisha kupona. Siku zinazorukwa bila daktari kujua huzipa seli za saratani zilizobaki muda wa kuongezeka tena, na hesabu iliyoanzia kwa Regaud na Coutard huharibika. Siku ya mwisho ya ratiba ina uzito sawa na siku ya kwanza. Ndugu, mwajiri na hospitali wanaomsaidia mgonjwa kuzifikisha zote wanashiriki katika tiba yake.