Daftari la Shamba Laandikwa na Nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, msikilizaji, daftari likiandikwa upande mmoja?

Mwaka 1855 madalali wa mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, waliyapanga mashamba ya mizabibu kwa madaraja, wakifuata bei ya sokoni. Orodha hiyo ingali inatajwa hadi leo. Shamba la Mouton lilingoja mpaka 1973 kupandishwa daraja la kwanza.

Sisi wa Bashay tunao mfano wa jirani: mashamba ya ngano ya Hanang, yaliyolimwa na shirika la umma, NAFCO, kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Mwandishi wa mradi atakuhesabia ekari, matrekta na magunia. Hasemi uongo. Lakini ardhi hiyohiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao mengine yalipitiwa na plau.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaona hawakuthibitisha haki yao juu ya ardhi. Anayetaja hukumu moja tu, iwe ya kwanza au ya pili, amekwisha chagua upande.

Basi nasema, anayeandika habari za shamba aandike mavuno, aandike na waliohamishwa, kila jambo na mwaka wake. Sifa na lawama amwachie msomaji.