Pudini iliyobuniwa kuokoa nyama

Mwaka 2008 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa tamko ambalo wanakemia hawana mazoea ya kulitoa: pudini ya Yorkshire isiyofika kimo cha inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, haistahili jina hilo. Magazeti yalilichangamkia. Lakini kwa kipimo hicho, pudini za kwanza kuandikwa vitabuni zisingepita mtihani.

Pudini hii haina sukari wala si ya kumalizia mlo. Ni rojo la unga wa ngano, mayai, maziwa na chumvi, karibu sawa na lile la chapati za maji, ila humiminwa kwenye mafuta yaliyochemka na kuokwa mpaka liumuke, kingo zikauke na kuwa za kahawia, katikati libaki laini. Huliwa na nyama ya ng'ombe ya kuchoma na mchuzi wake, hasa Jumapili mchana.

Ilianzia mbele ya moto wa wazi, kabla ya oveni kuenea. Katika karne ya 18 pande zima la nyama lilitungwa kwenye chuma na kuzungushwa kwa saa kadhaa. Baadhi ya nyumba zilimpa kazi hiyo mbwa wa miguu mifupi, akikimbia ndani ya gurudumu lililofungwa ukutani. Maskini, harufu yote ile na mdomo mtupu! Nyama ilipozunguka, mafuta yalidondoka, na mpishi mwenye akili hakukubali yapotee. Kitabu cha mwaka 1737, The Whole Duty of a Woman, kinaelekeza rojo likaangwe kidogo kwa siagi, kisha sufuria iwekwe chini ya bega la kondoo na kutikiswa mara kwa mara hadi nyama iive. Kitu kinachotikiswa hivyo hakiwezi kuota kimo.

Jina la Yorkshire lilikuja miaka 10 baadaye, katika The Art of Cookery Made Plain and Easy, kitabu cha Hannah Glasse. Yeye mwenyewe hakuwa wa Yorkshire, eneo la kaskazini mwa Uingereza: alizaliwa London akakulia Hexham, kaskazini zaidi. Kitabu kilitoka bila jina lake, kikadai tu kwamba mwandishi ni bibi mmoja, nacho kikanunuliwa kwa miongo mingi. Hata hivyo mwaka 1754 Glasse alifilisika, akalazimika kuuza haki zake za kitabu hicho. Pudini yake ilitaka maziwa karibu lita moja, mayai 4, chumvi kidogo na unga wa kutosha kulifanya rojo liwe zito.

Huko kaskazini pudini ilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kubania nyama. Nyama ilikuwa ghali, unga rahisi. Basi pudini na mchuzi vilitangulizwa mezani, na watoto wakaambiwa kwamba atakayekula pudini nyingi ndiye atakayepata nyama nyingi. Ulikuwa ujanja mtupu, kwani aliyeshiba unga hadai nyama.

Majiko ya chuma yenye oveni yalipoenea katika karne ya 19, pudini iliondoka chini ya nyama ikaanza kuokwa peke yake. Hapo ndipo kimo kilipopata nafasi. Rojo hili halitiwi hamira; linainuliwa na maji yaliyomo ndani yake. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Mvuke huo hulisukuma rojo juu, kisha mayai na unga hugandia hukohuko. Ndiyo maana mafuta lazima yawe yanafuka moshi kabla ya kumimina, oveni iwe kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, na mlango usifunguliwe mapema, maana ubavu ambao haujakauka huporomoka.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mambo yalibana. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940, na nyama haikuachiwa huru hadi Julai 1954. Mayai ya unga kutoka Marekani, pakiti moja ikihesabiwa kuwa sawa na mayai 12, yaliingia kwenye rojo. Soseji chache zilizopatikana zilizamishwa humo zikaokwa pamoja, mlo ambao Waingereza walikwisha kuuita chura ndani ya shimo tangu karne ya 18. Hakuna chura; ni mzaha wa jikoni tu.

Leo wengi hununua pudini zilizogandishwa, zikiwemo za Aunt Bessie's, chapa iliyoanzishwa mjini Hull mwaka 1995. Zimefinyangwa kama vikombe, zote za kimo kimoja. Wapo watu wa Yorkshire ambao bado huoka moja pana kwenye trei, wakaikata vipande vya mraba na kuipakua na mchuzi wa vitunguu kabla nyama haijafika mezani. Inayobaki hupakwa jemu.