Gumegume: istilahi za bunduki ya kale katika matini za uwindaji wa bata mzinga

Gumegume (ngeli ya LI-YA) ni jiwe gumu linalotoa cheche linapogongwa na chuma. Kwa upanuzi wa maana, ni bunduki inayowashwa kwa jiwe hilo, yaani bunduki ya gumegume. Aina hii ya mtambo ilikamilishwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, ikatumika kwa zaidi ya miaka 200. Leo bado iko mikononi mwa wawindaji wa Marekani wanaochagua silaha za kale kwa hiari yao. Baadhi yao huitumia katika windo linalodai subira kuliko nguvu, la bata mzinga wa mwituni.

Mfasiri anayekutana na matini ya windo hilo mara nyingi hudhani kwamba Kiswahili hakina maneno yake, akaanza kubuni. Maneno yapo. Bunduki za aina mbalimbali zilipita pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, na wasemaji walizitofautisha kwa namna zinavyowashwa. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka moto, ya gumegume kwa cheche za jiwe, ya fataki kwa kifuniko kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Bunduki ya viasi hupokea kiasi kilichokwisha kufungashwa, kinachoingizwa kwa nyuma. Tofauti hizo hazikuwa za mafundi peke yao. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliobana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, ukizihesabu kuwa duni.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuandika gobori, au gobole kama wasemavyo wengi Tanzania, kila inapotajwa bunduki ya gumegume. Gobori ni jina la jumla la bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni, na halisemi inawashwa vipi. Isitoshe, katika magazeti ya leo neno hilo limezoea kuandamana na watuhumiwa wa ujangili na silaha zilizoundwa kienyeji. Mwindaji wa Pennsylvania mwenye leseni, aliyeketi chini ya mti na bunduki iliyochongwa kwa mfano wa karne ya 18, akiitwa mwenye gobole huonekana jangili kabla hajafyatua. Gobori litumike pale matini asilia inapozungumzia jamii nzima ya bunduki za kushindilia, au pale silaha ya kienyeji ndiyo inayokusudiwa.

Kitenzi kufyatua nacho kinahitaji uangalifu, na hapa ndipo tafsiri nyingi hupoteza kiini cha masimulizi. Katika bunduki ya gumegume, mwindaji akivuta kifyatuo, nyundo iliyobana jiwe huanguka na kukwaruza bamba la chuma. Bamba hufunguka, cheche huangukia kifa, yaani kisahani kidogo chenye baruti laini ya kuwashia. Moto wake hupenya tundu la ubavuni mwa kasiba na kuwasha baruti kuu, ndipo bunduki ikalia. Hatua hizo huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini bata mzinga ana macho makali sana. Huweza kuuona mwako wa kifa na kuanza kukwepesha kichwa. Mwindaji naye hana budi kushikilia shabaha baada ya kufyatua, mpaka mlio. Sentensi “alifyatua risasi” hulimeza tendo lote kwa mkupuo mmoja, kama inavyofaa kwa bunduki ya kisasa. “Alifyatua, kifa kikawaka, bunduki ikalia” huyatenganisha matukio matatu ambayo mwandishi wa asili aliyatenganisha kwa makusudi. Na ikiwa baruti ya kifa imewaka bila mlio kufuata, iandikwe hivyo hivyo: kifa kiliwaka, bunduki haikulia. (Umbo la mahali, kifani, ni sahihi kisarufi, ila msomaji atadhani jambo hilo halina mfano. “Katika kifa” ni salama zaidi.)

Neno kiasi lina mtego wa aina nyingine. Katika bunduki ya viasi ni risasi na baruti yake pamoja katika ganda moja. Katika bunduki ya gumegume ni kipimo cha baruti kinachomiminwa. Maagizo ya usalama hukataza kumimina baruti kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi ndani ya kasiba, kwa kuwa kaa lililosalia humo laweza kulipua pembe nzima mkononi. Baruti humiminwa kwanza katika kipimo. Mwanafunzi aliyeandika “weka kiasi kutoka pembeni” alimwelekeza msomaji kwenye hatari ileile iliyokatazwa, na zaidi ya hapo “pembeni” ikasomeka kuwa kando. “Pima baruti kwa kibweta cha kupimia, kisha uimimine” haina utata. Baada ya baruti huja kizibo, kisha marisau, kisha kizibo chembamba, na kila tabaka hushindiliwa kwa mdeki.

Marisau, chembe ndogo za risasi zinazotawanyika, yasigeuzwe kuwa “risasi” bila maelezo. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu marisau tu katika windo la bata mzinga la majira ya kuchipua, hayaruhusu risasi moja nzima. Wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wenye asili ya Kongo, wanaishi leo katika majimbo kadhaa ya nchi hiyo. Anayewafasiria kanuni za uwindaji akiandika “tumia risasi” atakuwa amemruhusu mtu kufanya kosa la jinai. Kwa sababu hiyohiyo bunduki ya windo hili huwa na kasiba laini isiyo na mifuo, maana mifuo huyasambaza marisau vibaya.

Kuhusu ndege mwenyewe, jina bata mzinga limekwisha kuimarika na halihitaji kubadilishwa, ingawa kwa nasaba yuko karibu na kanga na kware kuliko bata. Majina yake mengi duniani yamekosea kwao: Waingereza walimpa jina la Uturuki, Waturuki wakamhusisha na India, Wareno na Peru, naye ni wa Amerika Kaskazini. Kwa kulinganisha, Kiswahili kimekosea ukoo tu. Dume lake lisiitwe jogoo bila kutaja aina, lakini maneno ya jogoo yanalifaa: kipi kwa mwiba wa mguuni, kilemba kwa nyama nyekundu ya kichwani. Kishungu cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani chaweza kuitwa ndevu; wawindaji wa Marekani nao husema hivyo. Mlio wake wa majira ya kuchipua ni vigumu kuupatia kitenzi kimoja. “Kulia” hutosha, na pale mwindaji anapoigiza sauti ya jike ili dume limjie, “kumwita” ndilo neno, kwa kuwa dume huitika.