Jinsi ya kufuatilia rekodi za waliokamatwa Kericho na Bomet

MARA nyingi habari hufika kwa simu, tena jioni. Mchuma chai hakurejea nyumbani kutoka shambani, au kijana wa bodaboda ameonekana akipandishwa gari la polisi sokoni Litein, na jamaa zake hawajui waanzie wapi kuuliza. Kabla ya usiku kuingia, huwa amekwisha kujitokeza mtu anayedai kumfahamu afisa fulani, na ambaye yu tayari kusaidia iwapo atatumiwa pesa kwanza.

Utapeli wa aina hiyo hustawi pale ambapo watu hawajui rekodi za ukamataji huwekwa wapi na nani ana ruhusa ya kuziona. Hakuna, Kericho wala Bomet, orodha ya wazi ya watu waliokamatwa ambayo mwananchi anaweza kuisoma kwenye mtandao au kwenye ubao. Katika kaunti nyingi za Marekani, afisi ya sherifu huchapisha majina ya mahabusu, pengine pamoja na picha zao, na jamaa wanaoishi huko hudhani kwamba kaunti zetu zinafanya vivyo hivyo. Neno ni moja, mambo ni mawili. Polisi wa Kenya wako chini ya serikali ya kitaifa, na gavana hana seli wala daftari la mahabusu. Askari wa kaunti wanaosimamia sheria ndogo za masoko na maegesho wanapaswa kumkabidhi kwa polisi, au kumfikisha kortini, mtu yeyote waliyemshika. Kwa hivyo anayekwenda makao makuu ya kaunti kutafuta jina la nduguye amepoteza nauli.

Rekodi ya kwanza huwa kituoni. Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, maarufu kama OB, ambamo kila jambo linaloripotiwa au kutendeka kituoni huandikwa kwa mfuatano wa saa na kupewa nambari. Nambari hiyo hubeba namba ya tukio pamoja na siku, mwezi na mwaka. Mshukiwa anapoletwa, kuingizwa kwake seli huandikwa pia, na mali aliyokuwa nayo mfukoni huorodheshwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inawataka maafisa kunakili sababu ya kumkamata mtu, saa na tarehe, na afisa aliyehusika. Nambari ya OB ndiyo ufunguo wa kila hatua inayofuata. Wakili ataiuliza na afisa wa zamu nyingine ataiuliza. Anayeondoka kituoni bila kuiandika mahali atalazimika kurudi.

Mwananchi hana ruhusa ya kukifungua kitabu hicho na kukisoma ukurasa baada ya ukurasa, na ni vyema iwe hivyo, kwa kuwa humo mna malalamishi ya wanawake waliobakwa na majina ya watoto waliodhulumiwa. Lakini kuuliza kama mtu fulani anazuiliwa hapo, kwa kosa gani na tangu lini, ni jambo tofauti kabisa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake, na haki ya kuwasiliana na wakili pamoja na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Jamaa anayesimama kwenye dawati la kituo akiwa na jina kamili na nambari ya kitambulisho cha mshukiwa anaitumikia haki hiyo, wala haombi hisani. Akikataliwa, na aombe kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS, na kisha kamanda wa polisi wa kaunti ndogo.

Ugumu wa eneo hili ni kujua ni kituo kipi. Mashamba makubwa ya chai yametambaa juu ya mpaka wa Kericho na Konoin katika Bomet, na mtu anayelala katika nyumba za kampuni upande mmoja huenda akakamatwa upande wa pili. Sondu iko kwenye mpaka wa Kericho na kaunti jirani, na Sotik inapakana na Borabu iliyo Nyamira, ambako visa vya wizi wa mifugo huwavusha polisi na washukiwa mpaka mara kwa mara. Anayemtafuta mtu katika sehemu hizo asitosheke na jibu la kituo kimoja. Aidha, aulize kama mshukiwa amehamishwa, kwa maana uhamisho nao huandikwa.

Kuna jambo jingine la mashambani ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wengi wanaokamatwa katika mashamba ya chai hawashikwi na polisi kwanza. Hushikwa na walinzi wa kampuni kwa madai ya kuiba majani, mbolea au kuni. Karibu na msitu wa Mau Kusini Magharibi, walinzi wa misitu nao hukamata watu, na vijijini chifu huongoza misako ya chang'aa. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inamruhusu raia wa kawaida, mlinzi wa kampuni akiwemo, kumkamata mtu kwa makosa fulani, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hadi makabidhiano hayo yafanyike, hakuna OB. Saa ambazo mtu alizuiliwa katika kibanda cha lango la shamba hazimo katika kitabu chochote cha serikali, na ndizo saa ambazo vipigo na makubaliano ya chini kwa chini hutokea. Jamaa wanafaa kuandika wenyewe saa aliyoshikwa, mahali, na walioshuhudia, kisha waitake saa hiyo inukuliwe mshukiwa anapofikishwa kituoni.

Polisi wana saa 24 za kumfikisha mshukiwa kortini. Zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku ambayo si ya kazi, afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana mtu aliyeshikwa Ijumaa jioni aghalabu hulala seli hadi Jumatatu. Hata hivyo, si lazima alale. Mkuu wa kituo ana mamlaka ya kumwachilia mshukiwa kwa dhamana pale ambapo haiwezekani kumfikisha kortini kwa wakati, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji, uhaini, wizi wa mabavu na jaribio la wizi wa mabavu. Dhamana ya polisi ni ahadi ya maandishi na haiuzwi. Iwapo pesa zimetozwa kama dhamana ya fedha, risiti rasmi lazima itolewe, na pesa hizo ni za kurejeshwa kesi ikiisha ikiwa mshukiwa ametimiza masharti. Katiba inasema pia kwamba mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita.

Mambo huwa mazito pale ambapo kila kituo kinakana kumzuilia mtu aliyeonekana akichukuliwa. Hofu hiyo si ya kubuni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitangaza Desemba 2024 kwamba ilikuwa imenakili visa 82 vya watu kutekwa nyara nchini tangu Juni mwaka huo, wakati wa maandamano ya vijana, na kwamba 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko. Katika hali hiyo, jamaa wapige ripoti ya mtu aliyepotea na kuchukua nambari ya OB ya ripoti hiyo, hata kama polisi ndio wanaoshukiwa. Kisha wakili aende Mahakama Kuu, iliyo na kituo Kericho na kingine Bomet, kuomba amri ya kuwalazimisha polisi kumtoa mtu huyo mbele ya jaji. Haki ya kuomba amri hiyo ni miongoni mwa chache ambazo Kifungu cha 25 kinasema haziwezi kuwekewa mipaka. Malalamishi dhidi ya maafisa hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kuchunguza Polisi (IPOA), ambayo ina afisi Nakuru na Kisumu na simu isiyolipiwa ya 1559.

Mshukiwa akishafikishwa kortini, pazia hufunguka. Kesi za jinai husikizwa hadharani, na hapo ndipo mtu yeyote, awe jamaa, mwajiri au mwanahabari, anapoweza kujua jambo kwa uhakika. Kwa wakazi wa ukanda huu mahakama za hakimu ziko Kericho, Bomet na Sotik. Orodha ya kesi za siku hubandikwa mahakamani na kuwekwa kwenye tovuti ya Idara ya Mahakama. Karani wa masjala akipewa jina la mshtakiwa na tarehe aliyosomewa mashtaka ataweza kuitafuta nambari ya kesi, na tangu mfumo wa kuwasilisha kesi kielektroniki ulipoenezwa nchini kote Machi 2024, kazi hiyo imekuwa nyepesi. Mshtakiwa ana haki ya kikatiba ya kupata nakala ya rekodi ya kesi yake. Mtu mwingine huandika barua kwa msajili au hakimu mkuu akieleza anachohitaji, na hulipia nakala. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu za Kericho na Bomet huchapishwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, lakini kesi ndogo za hakimu, ambazo ndizo nyingi, mara nyingi hazifiki huko.

Watoto wamewekewa uzio wao. Kesi zinazomhusu mtoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 hazisikizwi mbele ya umma, na ni kosa kuchapisha jina lake au chochote cha kumtambulisha.

Je, anayetaka rekodi ya polisi ambayo haikufika kortini afanye nini? Njia yake ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Inamruhusu kila raia kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulazimika kueleza sababu. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa anawajibika kumwandikia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, bali gharama ya kutoa nakala. Jibu linafaa kutolewa katika muda wa siku 21, lakini ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48. Maneno hayo, "uhai au uhuru", yafaa yaandikwe juu kabisa ya barua inayomhusu mtu aliye kizuizini. Akinyimwa, mwombaji ana siku 30 za kupeleka lalama kwa Tume ya Haki ya Utawala, ijulikanayo zaidi kama Afisi ya Ombudsman.

Sheria hiyo ina mipaka. Polisi wanaweza kukataa iwapo kutoa habari kutaharibu uchunguzi, kuhatarisha mtu au kuvamia faragha yake bila sababu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeongeza uzito wa hoja hiyo ya mwisho. Mwenye nyumba anayetaka kujua kama mpangaji wake aliwahi kulala seli atanyimwa, na ipasavyo. Kukamatwa si kuhukumiwa. Wapo waliokamatwa katika misako wakaachiliwa asubuhi bila shtaka lolote.

Mwajiri ana njia halali, ambayo ni cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Anayekiomba ni mhusika mwenyewe. Hujaza fomu kwenye eCitizen, hulipa, kisha huchukuliwa alama za vidole katika kituo kama vile Huduma Centre ya Kericho au ya Bomet. Hapa ndipo baadhi ya vijana hushtuka kuona kesi ya zamani ikijitokeza, hata ile waliyoshinda, kwa kuwa matokeo yake hayakuwahi kufika kwa wanaoweka alama za vidole. Dawa yake ni nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, iwasilishwe DCI ili rekodi irekebishwe. Ni busara kuichukua nakala hiyo siku ile ile ya kuachiliwa, kabla faili haijazikwa chini ya nyingine.

Zipo pia rekodi za kale, na katika nchi hii ya chai si za udadisi tu. Koo za Talai zilihamishwa kwa nguvu kutoka Kericho hadi Gwassi kwa sheria maalumu ya kikoloni ya mwaka 1934, na ardhi nyingi ya Wakipsigis ikageuzwa mashamba ya walowezi. Wazao wao walipeleka malalamishi yao kwa Umoja wa Mataifa, na Agosti 2022 wakawasilisha kesi katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Kibinadamu dhidi ya Uingereza. Madai ya aina hiyo hutegemea karatasi: amri za kuzuiliwa, orodha za waliohamishwa, ripoti za kila mwaka za mkuu wa wilaya. Karatasi hizo zatafutwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, barabara ya Moi Avenue jijini Nairobi, ambako nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30.

Anayekwenda huko asitafute jina la Bomet katika faharasa za zamani. Wilaya ya Bomet ilimegwa kutoka Kericho mwaka 1992, na Kericho yenyewe, kwa sehemu kubwa ya enzi za ukoloni, ilihesabiwa chini ya Mkoa wa Nyanza. Wakipsigis nao wameandikwa humo kwa jina walilopewa na wakoloni, Lumbwa, ambalo pia lilikuwa jina la mji na stesheni ya reli inayoitwa leo Kipkelion.