Una mswada? Jinsi ya kupata maoni ya mhariri kwenye kongamano la waandishi wa Kikristo

Mwezi huu vijana watatu wa hapa Bangwe wameniuliza swali lile lile: "Kaka, nimeandika kitabu, nimpe nani asome?" Wote wameandika mambo ya imani, ushuhuda na mafundisho ya vijana. Badala ya kumjibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Asiye Mkristo naye asikimbie, maana hata riwaya ya mapenzi inapita njia hii hii.

Nianze na yaliyonikuta. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 180, nimeuchapa jioni jioni kwa kulipia kompyuta kwa saa. Ulimhusu baba yangu mdogo, mvuvi wa dagaa, aliyeingia ziwani usiku na karabai zake asirudi. Mchungaji aliusoma akasema, "Mungu akubariki." Wanakwaya wakasema nina kipaji. Mama alisoma kidogo akaurudisha, hakusema kitu. Nikapanda treni mpaka Dodoma kwenye kongamano la waandishi, kichwani nikijua narudi na mchapishaji.

Pale nikapewa dakika 20 na mhariri, mama wa makamo. Alikuwa ameshasoma kurasa 10 nilizotuma mapema. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema: "Mwanangu, nimesoma zote 10, huyo mvuvi sijamwona. Anaingia ukurasa wa ngapi?"

"Wa 41, mama."

"Sasa hizo 40 za mwanzo ni za nini?"

Zilikuwa mahubiri. Nikaanza kujitetea, na dakika zangu nyingi zikaishia hapo hapo. Sio siri, usiku ule nilitaka kuuchoma ule mswada.

Maoni ya kitaalamu ni yapi?

Mchungaji wako anakupenda, rafiki yako anaona aibu kukuumiza. Mhariri anaangalia kitu kimoja: msomaji asiyekujua ataendelea kusoma au ataacha? Kazi yenyewe ina hatua zake, usizichanganye:

1. Tathmini ya mswada. Anakwambia kwa ujumla kipi kinafanya kazi, kipi hakifanyi.
2. Uhariri wa muundo. Sura zipangweje, nini kiondoke, nini kiongezwe.
3. Uhariri wa lugha. Sentensi, sarufi, maneno.
4. Kusoma prufu. Makosa ya mwisho kabla ya kitabu kuingia mtamboni.

Mezani kwenye kongamano unapata kipande cha ile ya kwanza tu. Ukimwomba akusahihishie tahajia, umepoteza nafasi.

Mambo haya si mageni kwetu

East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikipokea miswada ya Waafrika na kusaidia kuitengeneza mpaka iwe vitabu. Kwa upande wa makanisa, kusini mwa ziwa letu, kule Kitwe, Zambia, kulikuwa na Africa Literature Centre iliyofundisha waandishi wa Kikristo kutoka nchi nyingi za Afrika. Dodoma kuna Central Tanganyika Press ya Waanglikana, iliyoanza miaka ya 1950. Na shirika la Media Associates International la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1985, limekuwa likiandaa kongamano liitwalo Littworld linalokutanisha waandishi, wahariri na wachapishaji wa Kikristo. Mwaka 2012 lilifanyika Kenya.

Kabla ya kwenda

- Maliza mswada kwanza. Wazo peke yake halihaririki.
- Andaa muhtasari wa ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, nani atakisoma, kinaishaje. Mwisho usifiche, mhariri si mteja wa sinema.
- Chapa kwa herufi za ukubwa wa 12, acha nafasi mbili kati ya mistari, weka namba za kurasa na jina lako.
- Kama wanapokea kurasa mapema, tuma zile za mwanzo, hata kama unaona zile za katikati ndizo tamu.
- Andika maswali matatu tu. Usiulize "Ni kizuri?" Uliza "Ulichoka wapi?"
- Hifadhi nakala kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia.

Wengi wanaogopa kuibiwa. Hakimiliki inaanza pale unapoandika kazi yako mwenyewe, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ila wazo tupu halilindwi, kwa hiyo andika.

Ukikaa mezani

Nyamaza. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Andika anachosema, hata kile unachoona kakosea. Pale usipoelewa, mwombe akuonyeshe mahali penyewe kwenye karatasi. Akisema "hapa pamelegea", usimweleze ulimaanisha nini, kwa sababu msomaji wa Mwanza hatakuwa na wewe pembeni umweleze. Usimlazimishe kuchukua mswada mzima. Muulize hatua inayofuata ni ipi, mshukuru, ondoka muda ukiisha.

Ukirudi nyumbani

Kaa siku kadhaa bila kuugusa. Halafu gawa maoni mafungu matatu: unayokubali, unayokataa, na yanayokuuma. Hilo la tatu lichunguze sana. Wasomaji wawili wasiofahamiana wakigusa mahali pamoja, basi pana tatizo. Lakini mhariri naye ni mtu, hujalazimika kutii kila kitu. Jina kwenye jalada ni lako.

Angalizo

Atakayekwambia kitabu chako ni baraka tupu, kisha papo hapo akakutajia bei ya kukichapa, huyo anauza uchapaji, hatoi maoni. Omba kuona vitabu alivyokwisha kuhariri. Kama kongamano ni mbali, tafuta wasomaji watatu makini, au jaribu mashindano ya miswada kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Kushiriki kunakulazimisha umalize kazi.

Mimi nilizikata zile kurasa 40. Sasa kitabu kinaanza ufukweni, baba mdogo anawasha karabai. Nikampelekea mama ukurasa wa kwanza. Akausoma, akausoma tena, akasema, "Karabai zilikuwa mbili, umeandika tatu." Tukakaa mpaka usiku ananieleza mengine.

Bado sijachapishwa. Mswada una kurasa 120 na uko kwa mchapishaji, nasubiri jibu. Mwenye swali au uzoefu wake aweke hapo chini, tusaidiane. Nawasilisha.